Nilivyoacha kuchagua karatasi ya picha kwa gramu

Kwa miaka kadhaa nilikuwa mtu wa gramu, yaani uzito wa karatasi kwa kila mita ya mraba. Nikiingia kwenye duka la kusafishia picha, salamu haijaisha nimeshauliza: karatasi hii gramu ngapi, ni ya pamba au ina plastiki, weusi wake ukoje? Mafundi walinichoka. Mmoja akaniuliza, "Kaka, unanunua picha au unanunua boksi?" Nikacheka tu.

Kilichonibadilisha ni picha ya bibi. Nilimpiga picha barazani kwake Pangani, saa kumi na moja jioni, amevaa buibui, mtandio mweupe umemteremkea mabegani, nyuma yake mlango wa giza. Weusi juu ya weusi, na ngozi yake katikati. Nilitaka kuitundika sebuleni kwetu Tanga, nikaisafisha kwenye karatasi nne: ya pamba isiyong'aa ya gramu 310; ya kung'aa kama kioo; ya mng'ao wa wastani, ile ile ya picha za harusi; na moja nene, nyeupe pee. Moyoni nilishachagua ya pamba. Ndiyo iliyokuwa ghali kuliko zote.

Niliziacha zikauke usiku kucha, maana rangi hutulia kidogo wino ukikauka. Kesho yake mke wangu akazichanganya na kuzibandika ukutani, namba nyuma kwa penseli. Sisemi uongo, ya kung'aa na ya pamba nilizitambua tangu mlangoni. Lakini kukaa nazo wiki nzima ni jambo jingine.

Ya kung'aa ilikuwa na weusi mzito kweli, ila asubuhi dirisha lote lilihamia ndani ya buibui, na shati langu pia. Ile nyeupe pee ilipendeza mchana. Usiku, chini ya taa ya LED, mtandio ukapoa kabisa. Karatasi kama hizo hutiwa dawa ya kung'arisha inayofanya kazi kwa miale ya urujuanimno (UV), isiyoonekana kwa macho, na taa za LED karibu hazina miale hiyo. Ya pamba ndiyo iliyoniumiza. Mchana laini, heshima tupu. Jioni mikunjo ya buibui ikazama yote ikawa bonge moja. Nikaitia kwenye fremu ya kioo nikidhani itaokoka, na ule ukwaru wa karatasi niliolipia ukapotea nyuma ya kioo.

Shangazi akaja Ijumaa. Hakuna aliyemwambia kitu. Akasimama mbele ya ukuta, akanyoosha kidole kwenye ile ya harusi: "Huyu ndiye mama. Hao wengine mmewapaka unga."

Nikageuza. Namba 3.

Siku hizi sichapi picha nzima kwanza. Naomba kipande chenye sehemu ngumu tu: uso pamoja na giza lililo jirani yake. Nakipeleka mahali picha itakapokaa, nakitazama mchana na usiku, kwa karibu kisha hatua tatu nyuma. Simu inabaki mfukoni, kwa sababu ukitoka kwenye skrini inayowaka kila karatasi utaiona imefifia. Wakati mwingine nakigeuza juu chini. Uso ukiacha kuwa uso, unaona vizuri mwanga umekaa wapi na kiza kimekaa wapi.

Swali moja la kitaalamu nimelibakiza, la wino. Jicho halioni miaka kumi ijayo, na wino wa pigmenti, wenye chembechembe za rangi, kwa kawaida huvumilia mwanga kuliko ule wa rangi iliyoyeyushwa. Gramu siulizi tena, labda picha iwe ya kushikwashikwa bila fremu.

Bibi nilimpelekea nakala ya namba 3. Akaisogeza mlangoni penye mwanga, akaitazama muda mrefu, akaniuliza kwa nini sikumwambia kwamba mtandio umeteremka.