Mvua ya Desemba na magunia manne

Mvua ikipiga bati usiku wa Desemba, mtu wa dagaa haamki kumshukuru Mungu. Anaamka kuhesabu: nani kaanika, nani kafunika turubai, mzigo gani uko njiani kutoka visiwani. Usiku wa tarehe 24 tulikuwa tumetoka ibada ya mkesha, watoto wamelala, mchele wa pilau umeshachambuliwa, mvua ikaanza kama saa nane. Sikuwa na hata kopo moja la dagaa nje. Niliamka vilevile. Mimi na mvua hiyo tuna kesi.

Nauza dagaa mwaloni Kirumba, Mwanza, mwaka wa kumi na tisa sasa. Wanaopajua hawahitaji maelezo, harufu inakupokea kabla hujashuka kwenye daladala. Kwa wasiopajua: mzigo unatoka Ukerewe, Ukara, Goziba na visiwa vingine, unashushwa kwa magunia, na wanunuzi wanakuja mpaka kutoka Kongo, Rwanda na Burundi. Wanawake wengi wanaoanika kule visiwani hawawezi kuacha kazi waje kukaa mjini kusubiri mnunuzi. Wanakutumia mzigo kwenye mtumbwi, wewe unauza, unakata chako, unawatumia hela kwa simu. Risiti hakuna. Kuna neno lako tu.

Na dagaa, ukiondoa maneno mengi ya wachuuzi, ni wa aina mbili: wa kula na wa kuku. Aliyepata jua kali siku nzima anang'aa kama bati jipya, ukimvunja analia "kach". Aliyenyeshewa anageuka rangi ya kutu, ananuka vingine kabisa, na huyo anakwenda kusagwa chakula cha mifugo kwa bei ya nusu, mara nyingine chini ya nusu. Novemba na Desemba mvua zinatutia hasara sana. Kwa hiyo mtu akikupigia Desemba kukwambia mzigo wako umelowa, unaamini. Kila mwaka kuna mzigo unaolowa.

Miaka mitatu iliyopita, wiki moja kabla ya Krismasi, mama mmoja wa Ukara alinitumia magunia manne. Yalifika makavu. Nilitia mkono mpaka katikati ya gunia, ukatoka na vumbi la fedha. Mkongo mmoja akayachukua yote asubuhi ileile, bila hata kubishana sana. Saa sita mchana nikampigia yule mama: "Pole mama, mtumbwi ulikutana na mvua, mzigo umelowa, imebidi uende kwa watu wa kuku." Akanyamaza kidogo. Akasema, "Basi, Mungu ndiye anajua. Asante kwa kunihangaikia."

Tofauti ilikuwa laki nne na themanini elfu. Nilikuwa na ada ya Januari. Ninyi pia mna ada, kwa hiyo tusizungushane hapo.

Mimi ni mzee wa kanisa. Kwa wasio Walutheri, huo ni wadhifa, siyo umri, ingawa siku hizi magoti yananiambia ni vyote viwili. Kila Desemba usharika wetu unachangishana vitu vya kupeleka kwenye kituo cha watoto. Krismasi ile ya magunia manne nilitoa mchele kilo 25, na kabla ya hapo sikuwahi kuvuka kilo tano. Mwaka uliofuata nikatoa kilo 50 na sabuni za miche. Mwaka jana 50 nyingine na ndoo ya mafuta. Mwaka huu kilo 100, mafuta, sukari, na madaftari juu. Jina langu likasomwa pale mbele, na kuna dada mmoja wa kwaya akapiga vigelegele.

Tulifika kituoni mchana wa tarehe 24 tukakuta vikundi viwili vimetutangulia, kimoja cha benki na kingine cha kanisa la jirani. Tukasubiri chini ya mwembe. Zamu yetu ilipofika watoto wakaimba wimbo uleule waliowaimbia wa mbele yetu. Kisha kijana wetu akatoa simu kupiga picha, na kabla hajasema neno, wale watoto wakajipanga wenyewe. Wafupi wakaja mbele wakachuchumaa, warefu wakaenda nyuma, na mmoja wa kama miaka saba akasogeza gunia langu la mchele katikati, akaligeuza upande wenye maandishi utazame kamera, akarudi kwenye nafasi yake akatabasamu. Alifanya kama kondakta anayepanga abiria. Nikashika pembe ya gunia, nikapigwa picha.

Jioni ile mchungaji alihubiri hori. Kwamba Mungu amekuja mikono mitupu, kwenye chombo cha kulia ng'ombe, ili mtu asidhani kuna kiingilio. Krismasi ni zawadi, akasema, na zawadi hailipiwi. Nikaitika amina kwa sauti, mimi niliyekuwa nalipia kwa mchele.

Saa nane sasa, mvua, nimekaa kitandani na daftari la biashara. Nikafanya hesabu ambayo sikuwahi kuifanya. Kwa Krismasi zile nne nilikuwa nimetoa vitu vya kama laki saba na nusu. Deni lilikuwa laki nne na themanini. Yaani nimeshalilipa, na riba juu, kwa watu ambao hawakuwahi kunidai!

Darasa la kipaimara tulifundishwa habari za mwaka 1517, Luther na hoja zake 95, jinsi watu walivyokuwa wakiuziwa hati za kupunguziwa adhabu ya dhambi na hela zinakwenda kujenga kanisa la Mtakatifu Petro kule Roma. Tulicheka sana, watoto wa miaka kumi na nne. Tuliona wale watu wa kale wajinga. Efeso 2 niliikariri bila kukosea, ile ya kuokolewa kwa neema, wala si kwa matendo. Na bado niliweza kujitengenezea hati zangu mwenyewe, za kilo 25, za kilo 50, na kila Desemba nikajipandishia bei maana ya mwaka uliopita haikushika.

Jirani yangu wa nyumba ni Mkatoliki. Asubuhi ya Krismasi alileta chapati, nikajikuta nimemweleza, kwa kuzungukazunguka, kana kwamba ni habari ya mtu mwingine. Hakuwa mjinga. Akasema, "Huyo mtu wako angekuja kuungama kwetu, padri angemwambia arudishe kwanza. Mali ya wizi hairudishwi kwa kuimba." Akachukua sahani yake akaondoka. Nilikasirika, maana Wakatoliki tumezoea kuwaambia wao ndio watu wa matendo.

Lakini Biblia yangu mwenyewe haikuniacha. Mathayo 5 inasema ukifika madhabahuni ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka hapohapo, nenda mkapatane kwanza. Nimeisikia mara ngapi! Nilikuwa naisoma kama habari ya watu waliogombana. Na Zakayo, yule mtoza ushuru, ndiye kabisa. Yesu aliingia nyumbani kwake kabla hajatoa hata senti, kwa hiyo ile ya kununua imekufa pale mlangoni. Lakini angalia alivyosema aliposimama: nusu ya mali kwa maskini, na niliyemnyang'anya namrudishia mara nne. Alizitaja mbali. Sadaka mfuko wake, deni mfuko wake. Mimi nilikuwa nimevichanganya kama mchuuzi anayeficha dagaa wa kuku katikati ya gunia.

Mara nne ingekuwa 1,920,000. Sikuwa nayo. Nilipata laki sita.

Ningeweza kuituma kwa simu. Nilifungua menyu mara mbili, nikaandika namba, nikafuta. Tarehe 29 nikapanda meli ya asubuhi kwenda Nansio, Ukerewe. Kutoka Nansio gari hadi Bugolora, kutoka Bugolora kivuko cha kwenda Ukara. Kwenye kivuko kile watu wanaongea kwa sauti ya chini, au labda ni mimi tu. Kivuko cha MV Nyerere kilizama palepale, karibu kabisa na Bwisya upande wa Ukara, tarehe 20 Septemba 2018, na waliokufa walizidi 200. Nilikaa karibu na mlango nikashika mkoba wangu.

Nilimkuta nyumbani kwake anamlisha ng'ombe. Kule Ukara ardhi ni ndogo na watu ni wengi, ng'ombe hazururi. Anakaa kwenye shimo lililochimbwa nyumbani, analetewa majani na maji, na samadi yake inakwenda shambani. Hori mimi naijua ya kanisani, ya boksi na nyasi za plastiki. Hii ilikuwa na mate ya ng'ombe na mabua yaliyotafunwa nusu, na yule mama alikuwa ameinama anayatoa kwa mkono ili aweke mapya.

"Karibu, mzee wa kanisa," akasema. Hakushtuka.

Nikasema niliyokwenda kusema. Nilikuwa nimeyapanga vizuri kwenye meli, pamoja na mstari wa Biblia, yakatoka yamevurugika na mstari sikuukumbuka. Aliendelea kupanga majani mpaka nikamaliza.

"Nilijua."

"Tangu lini, mama?"

"Tangu wiki ileile. Kijana aliyeleta mzigo ni mtoto wa dada yangu. Mvua haikumgusa hata tone."

Hapo nikawakumbuka wateja wangu watatu wa Bwisya waliokata mawasiliano, mmoja baada ya mwingine. Nilikuwa nimeshamhukumu mwenzangu mmoja pale mwaloni kwamba kanivutia wateja, na mwaka mzima salamu yangu kwake ilikuwa ya mdomo wa pembeni. Kumbe kisiwa kizima kinajua, na mimi nimeficha siri kwa watu wa Kirumba ambao hawakuwa na habari nayo.

"Sasa mbona hukunipigia?"

"Nikupigie nikwambie nini? Wewe si ulikuwa unajua?"

Nikampa bahasha. Akanawa mikono kwanza, akakausha kwa kanga, akakaa kwenye kigoda, akahesabu akilowesha kidole. Akahesabu tena. Akatenga laki nne na themanini, akaikunja, akaifunga kwenye pindo la kanga. Zilizobaki akanirudishia.

"Hii ya nini?"

"Ya usumbufu, mama. Miaka mitatu."

"Usumbufu wangu huujui wewe." Hakusema kwa hasira. "Mwaka ule niliuza mbuzi ili mtoto arudi shule. Utanirudishia mbuzi? Alikuwa na mimba." Kisha akasema, "Hiyo wapelekee watoto wako wa kwenye picha. Binti yangu alinionyesha kwenye simu. Umependeza."

Nikamwuliza kama amenisamehe. Sijui kwa nini niliuliza. Nadhani nilitaka niondoke na kitu. Alitazama jua, akatazama njia ya kivukoni.

"Unataka dagaa?" akasema. "Wamekauka jana, kabla ya wingu."

Akaingia ndani akatoka na gunia na ndoo ya lita kumi. Sisi mwaloni mtu wako unampimia ndoo ya kilima, mpaka dagaa wanamwagika pembeni, na mgeni aliyetoka mbali ndio kabisa unamwongezea kiganja cha safari. Alijaza, akaitingisha ndoo wakashuka, akajaza tena mpaka kilima kikasimama. Halafu akapitisha ukingo wa kiganja juu ya mdomo wa ndoo, taratibu, kilima chote kikarudi guniani.

"Elfu ishirini na tano," akasema.

Nikatoa kwenye ile laki na ishirini, nikalipa.