Jumanne narudi tena kwenye utafiti

Nimerudi kutoka kwenye utafiti wa MS saa nane mchana, jua la Februari la Dar mnalijua wenyewe, nimeshuka mwendokasi Magomeni Mapipa nikakaa pale kituoni karibu nusu saa maana mguu wa kushoto ulikuwa umegoma, hauumi, yaani ni kama haupo. Wenye MS mnanielewa, yaani multiple sclerosis, ugonjwa ambao kinga ya mwili inashambulia ubongo na uti wa mgongo. Mwili ukipata joto mishipa ya fahamu inazidi kuchanganyikiwa, macho yanaingia ukungu, ukipoa unarudi kama mwanzo. Daktari mmoja Mjerumani, Wilhelm Uhthoff, aliliona hilo kwa wagonjwa wake tangu 1890.

Mi niliambiwa nina MS 2019 baada ya kuzungushwa miaka minne, huku presha, kule mawazo, shangazi akasema nimetupiwa kitu, mpaka kipimo cha picha cha MRI ndo kikaonyesha yale madoa kwenye ubongo. Daktari akaniambia dada, huu ugonjwa huku kwetu tunauona mara chache sana. Nikamuuliza mnauona mara chache kwa sababu haupo au kwa sababu vipimo vyenyewe wachache ndo wanavipata? Akanyamaza kidogo, akasema yote mawili yanawezekana.

Jibu lile sijawahi kulisahau na ndo sababu nikiitwa kwenye utafiti naenda. Kuna ule wa Marekani uliotoka 2022, walipitia rekodi na damu zilizohifadhiwa za wanajeshi, watu zaidi ya milioni 10, wakawapata 955 waliopata MS wakiwa jeshini, wakaona aliyeambukizwa kirusi cha Epstein-Barr hatari yake inapanda mara 32. Sasa fikiria, kirusi hicho huku kwetu karibu kila mtoto anakipata akiwa bado mdogo, lakini MS ndo hiyo inaonekana chache. Kwa nini? Damu za wanajeshi wa Marekani peke yake haziwezi kulijibu hilo, lazima na zetu ziwepo mezani.

Mama hakutaka kabisa. Yeye amekulia Tandika enzi watoto wanaambiwa wasitembee usiku kuna mumiani, wanyonya damu, kwa hiyo nilipomwambia wamenitoa vichupa vitatu aliweka kijiko chini akaniangalia. "Mwanangu, wamekupa nini?" Nikamwambia nauli tu mama. Sikumlaumu, ile hofu ina mizizi yake. Nikamsomea fomu ya ridhaa neno kwa neno, kwamba naweza kujitoa siku yoyote na matibabu yangu hayaguswi, kwamba jina langu haliandikwi kwenye kichupa inaandikwa namba, kwamba utafiti una kibali cha maadili kutoka NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Akasema haya, lakini siku wakitaka kukupa dawa uniite na mimi nisikilize. Na ntamwita kweli, sababu utafiti wa dawa ni jambo lingine, unaweza kupangiwa kundi la dawa yenyewe au la dawa ya kulinganishia na usijue uko wapi.

Leo wamenipima mikono. Kuna kibao kina matundu tisa na vijiti tisa, unachomeka kimoja kimoja kisha unavitoa, wao wameshika saa. Kulia nikaenda vizuri. Kushoto kijiti cha nne kikaniponyoka, vidole nikiviangalia vinashika ila havisikii kama vimeshika, yule binti wa utafiti akaniambia taratibu dada, hatuna haraka, wakati saa inakimbia. Nilitaka kulia. Nikamaliza.

Halafu maswali. "Wiki iliyopita ulihisi uchovu mara ngapi?" Nikamwambia mdogo wangu, hili neno halitoshi. Uchovu ni wa mtu aliyefua nguo tangu asubuhi, akilala anaamka mzima. Huu wangu naamka nao, kunyanyua kikombe cha chai tu naona nakosa nguvu, na hakuna swali hata moja linaloniuliza kuhusu joto au umeme ukikatika usiku feni ikasimama. Mtu wa Dar mwenye MS humuulizi habari ya joto, umemuuliza nini sasa? Akaandika yote pembeni ya karatasi. Namuombea aliyoandika yafike kwa wanaopanga maswali.

Kinachoniuma ni utafiti wa kwanza niliokwenda, siutaji. Walikuja wakachukua damu na saa zangu nne, wakaaga, kimya mpaka leo, hata meseji ya kusema tuliona hivi na hivi. Mgonjwa ameacha kazi, amepanda daladala mbili na fimbo yake, anastahili kuambiwa walichokiona hata kama hawakuona kitu.

Kwa hiyo leo kabla sijasaini nimeuliza, matokeo ntayapataje na lini? Binti akaenda kumuuliza bosi wake, akarudi, akaniandikia kwa mkono nyuma ya nakala yangu ya fomu, mwezi na namba ya simu. Nimeibandika kwenye friji. Narudi kwao Jumanne saa mbili asubuhi, kabla jua halijawa kali.