Hewa kwanza, tupa baadaye

Kinanda cha mdomo (harmonika) kikikaa miaka mingi kisha kikatoa sauti ya kukwaruza, wengi hukimbilia tupa, kile chombo cha kukwangulia chuma. Wanakifungua, wanawasha programu ya kupimia noti kwenye simu, wanaanza kukwangua. Mimi nasema tupa ikae kando kwanza. Vinanda vingi vya zamani nilivyovifungua havikuwa vimepotea noti, vilikuwa vinavuja hewa. Ulimi, yaani kile kipande chembamba cha shaba kinachotetemeka na kutoa noti, usipofikiwa na pumzi ya kutosha kisha ukaukwangua, unautibu ugonjwa ambao si wake.

Hiki ninachokisimulia kilikuwa cha marehemu mjomba: Hohner Marine Band, matundu 10, ufunguo wa C. Watengenezaji wake, Hohner, walianza kazi mwaka 1857 huko Trossingen, Ujerumani, na Marine Band ikaingia sokoni 1896. Umbo lake ni rahisi kulielewa. Katikati kuna kipande cha mbao ya mpeasi kilichochongwa vyumba 10. Kimebanwa na mabamba mawili ya shaba ya njano, kila bamba na ndimi 10. Za bamba la juu huitika ukipuliza, nazo zimeelekea ndani ya vyumba; za bamba la chini huitika ukivuta, nazo ziko upande wa nje. Halafu vifuniko viwili. Vyote vimeshikiliwa na vimisumari, wala si skrubu, na hapo ndipo ukaidi ulipo.

Mimi hutumia kisu chembamba. Nakiingiza kati ya bamba na mbao, nainua kidogo huku, kidogo kule, narudi nilikoanzia. Ukiling'oa bamba kwa mkupuo litapinda, na bamba lililopinda ni kazi mpya. Vimisumari navibandika kwenye utepe wa gundi kwa mpangilio ule ule vilivyotoka, maana kila kimoja kimeshalizoea tundu lake.

Ndani nilikuta historia ya mjomba: chembe za tumbaku kwenye vyumba vya mwanzo, nyuzi za mfuko wa shati, na kutu ya kijani iliyotambaa hadi kwenye riveti, yaani vile vipini vinavyoshikilia shina la kila ulimi kwenye bamba. (Mke wangu alitaka shughuli hiyo iondolewe mezani, na sikubishana naye.) Mabamba niliyalowesha kwenye siki iliyochanganywa na maji, kwa dakika chache tu, kwa sababu siki ikikaa sana hula zinki iliyomo na shaba ikabaki na rangi ya waridi. Kisha mswaki laini, kila mara kutoka kwenye riveti kuelekea ncha ya ulimi. Ukisugua kinyume, unywele mmoja ukinasa chini ya ncha unaukunja ulimi papo hapo. Suuza, kausha, basi.

Mbao usiiloweshe kamwe. Ndiyo mgonjwa halisi. Imekunywa mate miaka yote hiyo, ikavimba, ikakauka, ikasinyaa, ikavimba tena. Haiwezi kuwa imebaki bapa. Kabla ya kukifungua kuna kipimo kisichohitaji chombo chochote: bana mabamba kwa vidole katikati huku ukipuliza. Sauti ikipata nguvu ghafla, jua hewa inapita kati ya bamba na mbao. Cha mjomba kilipiga kelele nilipokibana.

Basi nikaweka msasa juu ya kioo, nikachora mistari ya penseli uso mzima wa mbao, nikaanza kusugua taratibu bila kukandamiza. Penseli ndiyo inayokwambia ukweli: palipobaki mistari ni bonde, palipofutika ni kilima. Unaendelea hadi mistari yote ifutike, unaugeuza upande wa pili. Nilianza na msasa namba 220, nikamalizia na 600. Baada ya hapo nikaipaka nta ya nyuki iliyoyeyushwa, hasa ndani ya vyumba, ili mate yasipate njia tena. Nilipofunga nilitia skrubu ndogo mahali pa misumari iliyolegea. Wapo watakaosema nimeharibu kitu cha asili. Mimi nataka kipigwe, kabatini kilishakaa vya kutosha.

Kufikia hapo, ndimi nyingi zilikuwa zimerudi zenyewe. Uliogoma ni ulimi wa kuvuta wa tundu namba 4, noti ya D. Ulishuka karibu nusu toni nzima, na ulimi ukishuka kiasi hicho huwa una ufa karibu na riveti, hata kama jicho halijauona. Huo haukwanguliwi, unabadilishwa. Nilitoa mwingine kwenye kinanda kibovu cha aina hiyo hiyo, nikaufunga kwa skrubu yenye nati, nikaushikia kwenye mwanga kuhakikisha upenyo wa kulia na wa kushoto unalingana.

Sasa ndipo tupa inapopata kazi. Ukikwangua kwenye ncha, noti inapanda. Ukikwangua karibu na riveti, inashuka. Chini ya ulimi napitisha kipande cha bati jembamba uegemee. Mikwaruzo miwili mitatu, napuliza, nasikiliza, na kabla ya kuamua naacha upoe, maana ulimi wenye joto hudanganya.

Ila programu ya simu msiiamini kwa kila noti. Marine Band za zamani hazikutyuniwa kama piano, zilityuniwa ili kodi, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, ziimbe bila kutetemeka. E ya kupuliza hukaa senti kama 14 chini ya ile ya piano (senti 100 ni nusu toni), na F ya namba 5 ya kuvuta huweza kuwa senti 31 chini. Simu itakuonyesha nyekundu, nawe utadhani ulimi umechoka. Mimi hupiga namba 2 hadi 5 za kuvuta kwa pamoja: sauti ikitulia kama mtu mmoja, F naiacha ilivyo. Oktava, yaani noti ile ile ya chini na ya juu, nazipima kwa kupuliza matundu 1 na 4, nikiziba 2 na 3 kwa ulimi wangu mwenyewe, hadi lile wimbi la wo-wo-wo lipotee.

Namba 7 ya kuvuta bado inachelewa kuitika ukiivuta polepole. Nadhani ncha imeinuka mno. Nafasi chini yake inatakiwa ikaribie unene wa ulimi wenyewe, na hii imezidi. Nitaishusha kidogo wiki ijayo, mchana, kwenye mwanga mzuri.