"Sawa" ya Baba Mkubwa

Tumemzika Baba Mkubwa Jumanne, wageni wa Dar wameondoka jana. Ila kinachoninyima usingizi ni neno moja: "Sawa."

Mwezi uliopita nilimpelekea ramani ya nyumba ninayotaka kujenga Nala, Dodoma. Akavaa miwani, akaigeuzageuza karatasi mpaka akaipata kaskazini yake.

"Upepo unatoka wapi, mwanangu?"

Nikacheka. "Baba Mkubwa, siku hizi watu wanaweka feni."

"Sawa."

Akaikunja vizuri, akanirudishia, akamwita Mama Mkubwa alete chai.

Sawa gani ile? Nimeijaribu kwa sauti zote, hata kwenye daladala. Ya kukubali? Ya kunichoka? Mtu aliyekaa CDA, ile Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, tangu miaka ya themanini mpaka inavunjwa 2017, anayejua upepo wa Dodoma ni wa mashariki na kiangazi hauna huruma, mimi namjibu feni! Na choo cha wapangaji nimekiweka wapi? Mashariki.

Msibani wasifu ukasomwa: alishiriki Vita vya Kagera 1978 hadi 1979, "baadaye akawa mchora ramani." Mchora ramani! Msanifu majengo yule, jamani, alitoka vitani akaingia Chuo cha Ardhi. Nilinuna hadi makaburini.

Usiku, wazee wakiota moto, mwenzake wa jeshini akaanza. Nje ya Masaka, Uganda, 1979, Baba Mkubwa alipewa kazi ya choo cha kikosi kwa kuwa ndiye aliyejua kuchora. Akapima, akachora, kikachimbwa, kikapendeza. Jioni upepo ukageuka, harufu yote ikahamia kwenye hema la mkuu wa kikosi.

"Alichimba kingine usiku uleule, peke yake, na beleshi moja," mzee akasema. "Tangu hapo hakai mahali bila kulowesha kidole kwanza."

Tulicheka mpaka Mama Mkubwa akatoka ndani kuuliza kuna nini, akaambiwa, akacheka kuliko sisi.

Labda ile Sawa ilikuwa ya hivyo: haya, nenda ukachimbe shimo la kwako. Leo asubuhi nimesimama kiwanjani na kidole kimelowa, fundi ananitazama kama mgonjwa. Vigingi vya choo tumeving'oa.