Uchovu usioisha kwa kulala

Nimetoka sasa hivi kwenye mafunzo ya wahudumu wa afya hapa Malindi. Mada: ugonjwa wa uchovu sugu. (Si ule wa joto letu, huo tunaujua.)

Huu hudumu miezi 6 au zaidi, usingizi hauuondoi, na hakuna kipimo cha maabara cha kuuthibitisha.

Alialikwa mama mmoja mgonjwa. Akasema ameegemea ukuta, leso mabegani:
"Nikifua leo, kesho siinuki. Hata kuoga ni kazi."

Hiyo kesho yake, kuzidiwa baada ya kazi ndogo, ndiyo alama kubwa!

Na huku kwetu mtu huambiwa ajikaze, eti mvivu. Uingereza, mwongozo wa 2021 wa kutibu ugonjwa huu uliacha kupendekeza mazoezi ya kuongezwa polepole.

Bado namsikia yule mama.

Wenzangu wa zahanati, mgonjwa kama huyu mnamuuliza nini kwanza?