Nilivyojifunza kuchagua chakula cha mwanangu bila kubahatisha

Mke wangu alirudi kazini mtoto akiwa na miezi mitano na nusu, mi nikabaki nyumbani manake kazi zangu nafanyia hapa hapa, kwa hiyo suala la mtoto ale nini likawa la kwangu. Maziwa mama yake alikuwa anakamua na kuacha kwenye friji, hilo halikuwa na shida. Shida ilikuwa kile kijiko cha kwanza. Kila niliyemuuliza ana jibu lake, huyu anasema yai mpaka mwaka, yule anasema yai mpe hata leo, mwingine samaki asiguse kabisa, mwingine karanga mpaka afikishe miaka mitatu, na wote wamelea watoto na watoto wao ni wazima, sasa unamsikiliza nani?

Kilichoniongezea hofu ni ngozi ya mtoto. Toka ana miezi mitatu alikuwa na ukurutu, ile pumu ya ngozi, mashavuni na kwenye mikunjo ya viwiko, usiku anajikuna mpaka asubuhi unakuta shuka ina madoa ya damu. Nilishasikia watoto wa hivyo ndio wenye hatari kubwa ya kupata aleji ya chakula, na hilo ni kweli, ila mimi nikalitafsiri nilivyotaka, nikaamua kimya kimya kwamba karanga, mayai na samaki vyote tuvisogeze mbele mpaka mtoto akue kue. Nashukuru sikuishia hapo.

Tulipoenda kliniki kupima uzito nilikuwa na karatasi yangu ya maswali, nimeorodhesha vyakula karibu ishirini, mbele ya kila kimoja nimeandika "anaruhusiwa?" Nesi aliyetuhudumia, mama mtu mzima, akaisoma yote afu akaniambia, "Baba, hapa umeandika vyakula, hujaandika unachoogopa. Asali unaogopa nini? Zabibu unaogopa nini? Yai unaogopa nini?" Nikajikuta sina jibu. Akanielekeza kwamba kuna chakula chenyewe kina kitu kibaya kwa mtoto, kuna chakula hakina ubaya wowote ila umbo lake linaweza kumkaba, na kuna chakula kizuri tu ila mwili wa mtoto huyu, wako wewe, unaweza kukikataa. Ukishajua hofu yako iko wapi ndio unajua cha kufanya. Nilirudi nyumbani nikaichana ile karatasi nikaandika upya.

Kuhusu muda wa kuanza hakukuwa na mjadala mrefu. Shirika la Afya Duniani linasema miezi 6 ya mwanzo ni maziwa ya mama peke yake, baada ya hapo unaanza chakula huku ananyonya mpaka miaka 2 au zaidi. Ila nesi aliniambia nimwangalie na mtoto mwenyewe: anakaa ukimshikilia kidogo, shingo imekaza, anashika kitu anapeleka mdomoni, na ulimi hausukumi chakula nje. Huo wa ulimi ndio uliotuchelewesha siku chache, nilikuwa nikimgusisha kijiko mdomoni ulimi unakuja mbele wenyewe unatoa kila kitu. Siku ambayo ulimi ulitulia nilijua. Na nisingechelewa sana pia, manake akiba ya madini ya chuma ambayo mtoto anazaliwa nayo inakuwa inaishia ishia kwenye miezi 6 na maziwa ya mama hayana chuma cha kutosha kuziba hilo pengo, ndio maana sikuanza na matunda tu na uji mweupe, wiki ile ile ya kwanza alikula nyama iliyosagwa laini na maharage yaliyoiva mpaka yakapondeka.

Vile ambavyo ubaya uko ndani ya chakula chenyewe havikunisumbua kuamua, hapo jibu ni hapana basi. Asali ndio ya kwanza, kabla ya miezi 12 hata ya kulamba kwenye kidole. Asali inaweza kuwa na mbegu za bakteria anayeitwa Clostridium botulinum, mtu mzima tumbo lake linazimudu hana habari, ila kwenye utumbo wa mtoto mchanga zinaota na kutoa sumu inayolegeza misuli, mtoto anaanza kukosa choo, kilio kinakuwa dhaifu, ananyonya kwa shida, shingo inalegea, mwisho hata kupumua kunakuwa tabu. Na usidanganyike kwamba ukiipika inakuwa salama, moto wa jikoni hauzimalizi zile mbegu.

Hili lilinipa mtihani mama yangu alipokuja kututembelea. Mtoto ana miezi saba, anakohoa, mama akaenda moja kwa moja kabatini akatoa chupa ya asali na kijiko. Nikasimama pale jikoni nikamwambia, mama naomba tusimpe. Akaniangalia. "Mwanangu, nyie wanne wote nimewalea kwa asali hii." Nikamwambia mama sikatai, na tulipona, ila hii inampata mtoto mmoja mmoja na huwezi kujua ni yupi, na akishapatwa ni wodini na mashine ya kupumulia. Sikuongea kwa ukali. Alikaa kimya muda, akarudisha chupa, afu akauliza, "Kwa hiyo akifikisha mwaka?" Nikamwambia akifikisha mwaka mama utamlambisha wewe mwenyewe.

Mengine nitapita haraka. Maziwa ya ng'ombe kama kinywaji cha kushika nafasi ya ziwa niliyaacha mpaka mwaka, kidogo kwenye kupikia sawa. Chumvi sikuweka kabisa, figo za mtoto bado changa, nilikuwa napakua cha kwake kwanza ndio naweka chumvi kwenye chetu. Sukari hapana, juisi hapana hata kama ni ya matunda nimekamua mwenyewe. Chai pia hapana, inazuia mwili kunyonya ile chuma uliyohangaika kumpa. Papa na wale samaki wakubwa wanaokula wenzao wana zebaki nyingi, wadogo wadogo ndio wazuri ila miiba utoe kwa vidole sio kwa macho. Maini yana chuma nyingi sana lakini vitamini A yake ni kubwa mno, kwa hiyo hayakuzidi mara moja kwa wiki. Na karanga yenye ukungu au yenye ladha chungu unatupa, husagi, sumu ya ule ukungu haitoki kwa kukaanga.

Umbo la chakula ndio lilinitisha siku moja. Nilimpa kipande cha ndizi mbivu, yani kitu laini kabisa, akakisukuma chote ndani, uso ukawa mwekundu, ulimi nje, macho yanatoka machozi, anakohoa kama anataka kutapika. Mkono wangu ulikuwa tayari unaenda mdomoni kwake kukitoa. Nikakumbuka nilichofundishwa nikauzuia: mtoto anayekohoa na kutoa sauti anajisaidia mwenyewe, ukiingiza kidole bila kukiona kile kipande unakisukuma chini zaidi. Sekunde kama kumi hivi, kwangu zilikuwa nyingi, ndizi ikaruka nje ikadondoka kwenye meza, na yeye akainyooshea mkono anaitaka tena. Anayesakamwa kweli hana sauti, halii, hakohoi, rangi inabadilika, huyo ndio unamlaza kifudifudi mkononi kichwa kikiwa chini unampiga mgongoni kati ya mabega mara 5, kikigoma unamgeuza unabonyeza katikati ya kifua kwa vidole viwili mara 5, unarudia huku mtu anaita msaada. Mi na mke wangu tulijifunza hili kabla hata hatujanunua kijiko cha mtoto na nakuomba na wewe ufanye hivyo.

Baada ya siku ile zabibu nakata mara nne kwa urefu, sio kwa mduara, soseji hatumpi, karoti na tufaa lazima viive mpaka vikibonyezwa kwa vidole viwili vinapondeka, na halishwi akiwa amelala lala au anatambaa, anakaa wima na mimi nimekaa mbele yake. Hicho ni chakula kile kile, umebadilisha umbo tu.

Sasa mwili wa mtoto wenyewe. Yai tulilijaribu akiwa na miezi sita na nusu, limechemshwa likaiva kabisa, asubuhi, ili siku nzima iwe mbele yetu, na siku hiyo hakukuwa na chakula kingine kipya. Alikula kama robo. Dakika ishirini hivi nambadilisha nepi nikaona tumboni vipele vimevimba kama ameumwa na mbu wengi kwa pamoja, nikamgeuza na mgongoni vipo, akatapika mara moja. Kupumua kulikuwa sawa na midomo haikuvimba, hayo ndio ya kwanza niliyoangalia, manake kikohozi, mluzi kifuani, ulimi kuvimba au mtoto kulegea na kupauka hiyo ni kukimbilia dharura bila kuuliza mtu. Tukaenda hospitali, akapewa dawa ya aleji, jioni ngozi ikawa safi.

Hapo nilitaka kurudi kwenye uamuzi wangu wa zamani, karanga nizifute kabisa. Daktari akasema hapana, tena kwa mtoto kama huyu kuchelewesha ndio hatari. Nikasoma na mwenyewe. Kumbe yule aliyeniambia miaka mitatu hakutunga, mwaka 2000 madaktari wa watoto wa Marekani walishauri kweli watoto wenye hatari ya aleji wasipewe karanga mpaka miaka 3, na mwaka 2008 wakauacha ushauri huo kwa kukosa ushahidi. Kisha mwaka 2015 ukatoka utafiti unaoitwa LEAP, uliofanyika London chini ya Profesa Gideon Lack, watoto 640 wa miezi 4 hadi 11 wenye ukurutu mkali au aleji ya yai, yani watoto kama wangu, wengine wakawa wanalishwa karanga kila wiki, wengine wakakatazwa mpaka miaka 5. Waliolishwa ndio walionusurika, aleji ya karanga kwao ilikuwa pungufu kwa kama asilimia 80. Nilivyosoma ile nilinyamaza muda mrefu, nikifikiria nilivyokuwa namkinga mwanangu na kitu ambacho kingemkinga yeye.

Ila kwa sababu ya ukurutu na yai, haikuwa ya kujaribia nyumbani. Alipimwa damu kwanza, majibu yakawa mazuri, tukapangiwa siku kliniki. Siagi laini ya karanga vijiko viwili vya chai, maji ya moto kidogo, ikakorogwa mpaka ikawa nyepesi, ikapoa. Ncha ya kijiko. Tukasubiri dakika 10 namtazama midomo tu, yeye anacheza na kitambulisho cha nesi. Kijiko cha pili, cha tatu, mpaka kikaisha, tukakaa pale kwa muda wa saa mbili. Hakuna kitu. Toka siku hiyo anakula karanga mara tatu kwa wiki, nachanganya kwenye uji, na sijawahi kuruka wiki, manake kumpa mara moja ukaacha haisaidii, mwili unatakiwa uizoee.

Kingine nilichojifunza ni kutokushtukia kila wekundu. Nyanya ilimfanyia baka jekundu kidevuni, pale pale ilipogusa, halijavimba, likaisha ndani ya saa moja. Hiyo ni asidi kwenye ngozi yenye ukurutu, sasa nampaka mafuta mazito kuzunguka mdomo kabla hajala na baka halirudi.

Sa hivi ana mwaka na miezi miwili. Asali bibi yake alimlambisha siku ya kuzaliwa kama tulivyokubaliana. Karanga nzima ziko kabati la juu na zitakaa huko mpaka afikishe miaka 5. Yai, daktari alituanzishia lile lililookwa ndani ya keki na limekubali, la kuchemsha tunalijaribu mwezi ujao, kule kule kliniki.