Ngazi za Michenzani, mwaka wa kiza

Binti yangu karudi skuli na swali. Wamesomeshwa kwamba Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kila wiki, tena akaze misuli angalau siku mbili. Akanitazama nilivyoketi na makaratasi ya ofisini mpaka usiku. "Baba, na wewe zako unazipatia wapi?" Nikamjibu, "Ngazini." Akacheka, akidhani namtania.

Sikumtania. Disemba 2009 Unguja nzima ilizimika. Umeme unaotujia kutoka Bara kwa waya wa chini ya bahari ulikatika, tukakaa kiza mpaka Machi 2010. Wengine wanakumbuka kelele za majenereta Darajani. Mimi nakumbuka maji. Pampu zilisimama, mifereji ikakauka, na sisi wa maghorofa ya Michenzani, yale yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, tukawa tunateka chini na kupandisha kwa mikono. Jengo letu halina lifti. Kwetu ni ghorofa ya nne.

Jioni moja baada ya Magharibi nilibeba dumu la lita 20 kwa mkono wa kulia. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo kilo 20 zilikuwa zikinivuta upande mmoja, nami kutwa nzima nilikuwa kwenye kiti cha uhasibu. Kufika ghorofa ya pili moyo ulikuwa unanipiga mpaka masikioni. Ngazi zilijaa harufu ya mafuta ya taa. Nikaegemea ukuta.

Chini yangu nikasikia mtu anakuja, taratibu, hatua moja moja, na kila hatua ina neno lake: Subhanallah. Subhanallah. Mwangaza wa kibatari cha mlango wa jirani ukamwonesha: yule bibi wa ghorofa ya juu yetu, kanga kajifunga kiunoni, dumu la lita 10 kichwani juu ya kata. Pumzi yake haikukatika hata mara moja.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Tua, mwanangu."

Nikatua. Akaniambia niyagawe maji, mkono huku na mkono huku, mgongo usilale upande. Nikiinua nikunje magoti, dumu liwe karibu na mwili. "Na usiikimbilie ngazi. Ivutie pumzi." Kisha akaendelea kupanda, nami nikamfuata nikiliacha dumu pale pale, ili nione tu anavyotia mguu: wayo mzima juu ya kidato, si ncha ya vidole. Nilipomfikisha mlangoni kwake nikarudi kuchukua maji yangu.

Siku zilizofuata nilibeba madumu mawili ya lita 10, nikivuta pumzi hatua kwa hatua. Umeme uliporudi sikuacha. Madumu ya mafuta ya kula ya lita 5 niliyajaza mchanga, maana mchanga ni mzito kuliko maji. Kiti cha plastiki nikakifanya cha kukaa na kuinuka bila kushika kitu, mkeka wa pushapu, na ngazi zile zile kila alasiri nikitoka kazini. Sikununua kitu. Wanasema zoezi la wastani ni lile ambalo waweza kuzungumza lakini huwezi kuimba. Nilijua nimepata afya siku niliyofika juu nikiwa bado nazungumza na jirani.

Ila jambo moja halijanitoka. Bibi yule sasa ni marehemu, Mungu amrehemu. Usiku, kupitia dirisha, nilikuwa namsikia akimwita mjukuu wake amkande magoti kwa mafuta ya nazi. Maji alianza kuyabeba angali kigori, na hakuna aliyemwambia kwamba anafanya mazoezi. Mimi mzigo ule ule umenipa pumzi na mgongo ulionyooka. Labda tofauti ni kwamba mimi nilikuwa naweza kuutua nikitaka. Labda ni umri tu. Binti yangu nimemfundisha kukunja magoti na kugawa uzito, lakini hili la bibi bado sijajua nimwelezeje.